Futa Kila Jumamosi

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kazi yako ya kutengeneza kompyuta za watu haijakuinamisha mgongo. Mimi mzima, isipokuwa masikio. Simu siku hizi naisikia kama mtu anaongea ndani ya ndoo, kwa hiyo tuendelee kuandikiana.

Kompyuta uliyoniachia imechoka. Nikiiwasha, chai inapoa kabla haijafunguka. Sielewi, maana naitunza kuliko ninavyojitunza. Ile karatasi uliyobandika ubavuni, "Futa kila Jumamosi", naifuata. Jumatatu naweka mchezo wa drafti, kalenda na programu ya magazeti. Jumamosi nafuta zote. Ndivyo tulivyofanya katika kiwanda cha uchapaji miaka yangu yote ya kupanga herufi: kazi ikiisha, unavunja ukurasa na kurudisha kila herufi kwenye droo yake.

Mama yako bado namsikiliza kila asubuhi, hedfoni masikioni, sauti hadi mwisho. Leo ilikuwa rekodi ya saba, anaponisuta kuhusu dirisha la jikoni. Alijua koo litamnyima sauti kabla hajafa, akaona aniachie akiba ya kunigombeza.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, mgongo bado umenyooka. Barua yako nimeicheka, kisha nikaacha kucheka. Ile karatasi nilimaanisha vumbi, baba. Ufute kwa kile kitambaa cha njano cha mama. Sikumaanisha programu.

Programu ukiiondoa haiondoki yote. Inaacha mafaili, mipangilio, na vijitu vinavyoamka kila ukiwasha mashine. Ni kama mpangaji anayehama na kuacha misumari ukutani, nawe umehamisha wapangaji kila wiki kwa miaka miwili. Ndiyo maana imezidiwa. Unazozitumia ziache zikae. Usizozitumia ziondoe mara moja, basi.

Na ile ya kurekodi, nakuomba, usiiguse. Sauti zote thelathini na moja za mama zimo ndani yake, na hakuna nakala pengine popote. Nikija Juni nitazinakili.

Binti yako

22 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yangu leo usiniulize. Jibu lako sijalipata bado, lakini siwezi kungoja.

Wiki nzima mama yako alikuwa anakatika, neno moja mara tatu, kama mwenye kigugumizi, naye hakuwa nacho. Leo Jumamosi nikafanya kama ninavyozifanya nyingine. Nikaiondoa ile programu ya kurekodi ili niirudishe ikiwa safi. Iliniuliza kama iondoe na data zake. Nikadhani ni takataka zake, nikakubali. Imerudi nyepesi kabisa, na katikati imeandika "Hakuna rekodi".

Tangu hapo nimeweka programu nne za kurudisha vilivyofutwa. Ikishindwa moja naiondoa, naweka nyingine. Kesho nitajaribu ya tano.

Nimemfuta mama yako. Naona aibu hata kukuandikia.

Baba yako

3 Machi

Shikamoo baba,

Barua zetu zimepishana njiani. Tafadhali izime kompyuta ukimaliza tu kusoma mstari huu, uchomoe na waya. Usiweke wala kuondoa kitu kingine chochote. Kilichofutwa hakipotei palepale. Kinabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na kila programu unayoweka sasa inaandikwa juu ya mama. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Wewe huna kosa. Ni mimi niliyeandika neno moja kwa haraka, nikiwa na begi begani. Kazini nanakili mafaili ya wateja kila siku, na ya mama sikuyagusa. Kunakili hakuhitaji kusikiliza, najua. Ila nilijua nikikaa mbele ya mashine ile nitabonyeza moja, na sikuwa na moyo huo. Sijawahi kumsikiliza hata mara moja, baba. Wewe ulikuwa naye kila asubuhi, mimi nilikuwa namkimbia.

Ruhusa nitapata Juni. Nitaichukua diski ya mashine, nijaribu kumrudisha mama.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Mimi nipo. Nimeizima. Asubuhi ni ndefu siku hizi.

Nimeanza kuandika kwa mkono, daftarini, rekodi zote ninazozikumbuka. Mpanga herufi anayasoma maneno kinyumenyume miaka na miaka, hayamtoki upesi. Nimefika ya kumi na tisa, uzisome ukija. Maneno ninayo. Sauti ndiyo sijui inaandikwaje.

Usijilaumu sana. Hata mimi miezi ya kwanza nilikuwa namfungulia na kuondoka chumbani.

Baba yako

14 Julai

Shikamoo baba,

Naamini hujambo, na diski mpya niliyokuwekea nilipokuja Juni inakwenda vizuri. Ile ya zamani nimekuwa nayo mezani kila siku baada ya kazi, wiki tano sasa. Sitakuzungusha. Kati ya thelathini na moja, thelathini zimeandikwa juu kabisa. Kilichobaki humo ni mikwaruzo.

Imerudi moja, ya sekunde kumi na moja. Haimo kwenye daftari lako. Nadhani mama alikuwa anajaribu mashine kabla hajaanza, na wewe hukuwahi kuifungua. Nimeiweka kwenye flashi hii, na nakala tatu ninazo huku.

Nimeisikiliza. Anasema nini sitakuandikia.

Binti yako

26 Julai

Marahaba, Kitindamimba wangu,

Flashi imefika salama. Nimevaa hedfoni, nikamsikia vizuri, hakatiki. Anasema: "Hii inawaka kweli? Haya. Mume wangu, najua utakuja kukaa hapa. Kabla hujakaa, futa." Kisha anakohoa.

Nililia, sikufichi. Halafu nikatafuta kile kitambaa cha njano, nikakipata nyuma ya kabati. Leo ni Jumamosi. Nimefuta kioo, nimefuta meza, nimefuta na kiti. Ndipo nikakaa, nikamfungulia tena.

Baba yako