Masaa Mawili ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Kidato cha kwanza leo. Ndoo moja ya maji juu ya meza. Nikawaambia: nyumba ina watu watano, maji ni haya tu. Kupika, kuoga, kufua sare — chagueni! Kelele! Mmoja akasema baba aoge kesho, kwani ameanza kunuka leo? Nilicheka mpaka machozi. Wameelewa: mshika mbili moja humponyoka, na gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate. Binti yangu, dawati la nyuma, hakucheka. Yuko hivyo tangu nianze vipindi vya ziada vya jioni.

Jumatano, 6 Machi

Zoezi: andika jambo ulilolikosa kwa sababu mtu alichagua jingine. Majina hapana. Kila mtoto anaokota namba kwenye kopo, anaandika hiyo. Ndio utaratibu wangu tangu mwanangu aingie darasani kwangu, nisije nikampendelea. Najivunia sana.

Alhamisi, 7 Machi

Namba kumi na saba. Nimeisoma mbele ya darasa zima! Kwamba mama ana masaa mawili baada ya kazi. Anawapa watoto wa watu. Wao wanafaulu. Gharama ni mimi.

Nikasema huyu ndiye aliyeelewa, wengine igeni. Alama zote. Nikauliza namba kumi na saba ni nani, asimame tumpigie makofi.

Akasimama mwanangu.

Darasa likapiga makofi. Na mimi nikapiga — mikono ilishaanza. Nimesahihisha maelfu ya madaftari, mwandiko wa mwanangu siujui. Moyo umepasuka. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwomba msamaha. Akajibu kwa adabu — adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza — kwamba hana kinyongo, ila anataka kuhamia kwa mama yake mdogo. Shule ya huko imeshamkubali. Kumbe wamepanga! Nikampigia mdogo wangu nimgombeze. Akasema, dada, mtoto ana miezi miwili sasa ananililia kwenye simu, wewe ulikuwa wapi?

Nilikuwa darasani. Mganga hajigangi.

Nimemwahidi mwanangu: kesho sitoki, tuzungumze kabla hajachukuliwa. Akasema nikibaki kweli, atafikiria tena.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu na robo asubuhi. Begi lake liko sebuleni, mdogo wangu anafika saa nne. Tulikuwa tunakunywa chai, ameanza hata kunisimulia habari za rafiki yake. Simu! Mwalimu mkuu. Watoto arobaini wa vipindi vya ziada wamekaa wananisubiri, mtihani ni Jumatatu, mwalimu mwingine hakuna. Saa moja tu, nakuomba. Nikasema nitampigia.

Arobaini, au mmoja. Ningewapa swali hili wale wa ndoo wangelimaliza kwa dakika mbili.

Nimeingia chumbani niandike kidogo, akili itulie. Sasa ndio natazama chini — nimeshavaa viatu vya kazi. Sikumbuki nilivivaa saa ngapi. Na mwanangu amesimama mlangoni, anavitazama