Kompyuta ya Hamisi Bado Inajibu

Nachingwea, Jumatano

Leo tena nimetuma pakiti mia za data za majaribio kwenye kompyuta ya Ruangwa, na zote mia zimerudi. Kompyuta hiyo inayozijibu aliiweka kule marehemu mume wangu, Hamisi, ili tuwe tunapima mtandao. Yeye mwenyewe nilikuwa nampigia simu mara tatu ndipo apokee: "Nipo shambani, Mama Zuhura," huku nasikia kete za bao.

Bosi kasema, "Mama, ile mashine imezeeka. Kesho tunaizima, tunawasha mpya."

Nikamwambia lazima zote mbili zifanye kazi pamoja wiki nzima, tulinganishe vipimo. Ni kweli, ila siyo sababu yangu. Akakubali.

Wiki ijayo sijui nitasema nini.

Kabla ya kufunga ofisi nikatuma pakiti moja ambayo haikuhitajika. Ikajibiwa papo hapo. Hamisi hakuwahi kuniitikia haraka hivyo.