Ekra Mbili za Mulongo wa Boti

Jumatatu, 8 Novemba 1999
Mkutano wa chama cha boti hapa Kashikishi umekwisha, kichwa kinaniuma. Kila mara boti ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa kwetu Kongo, ikijaa – vita! Wazambia wanasema sisi Wakongo tunapitishwa mbele mu mulongo, ile foleni. Wakongo wanasema ni Wazambia. Tena mutu anaacha beseni, anaenda kunywa chai, akirudi anasema beseni ni yeye mwenyewe. Nikasema: liste ya majina iingie mu ordinatere, kompyuta, kisha vioo viwili nje: ekra moja itazame Wazambia, ingine Wakongo. Ba Chewe, mwenyekiti, akakubali. Jumamosi nijaribu mbele ya wote. Ikifaulu, kazi ya karani ni yangu. Ikishindwa, ni ya Kingsley, binamu yake. Kingsley hajui kompyuta. Ana sauti tu. Mi kazi hii naitaka, eh! Nimechoka kugeuza samaki juani.

Jumanne, 9 Novemba
Ekra mbili tunazo, za zamani, nzito. Laptop ndiyo hakuna. Programu yangu ya liste niliiandika mu Linux, si Windows, kule Lubumbashi, kwa hiyo laptop lazima ikubali Linux. Roger mufanyabiashara amevuka ziwa na laptop mbili. Nyeusi inang'aa, iko na sahani ya kuikalisha yenye matundu mawili ya waya, kila ekra na picha yake. Ya kijivu ni mzee, tundu moja. Nikaingiza CD ya Linux mu ile nyeusi: giza. Tena: giza. Roger anasema iko na haya, itazoea. Laptop iko na haya!

Alhamisi, 11 Novemba
Wanachama walikuja kusaidia kuchagua. Mama Olipa wa samaki akainua nyeusi, akaibonyeza tumbo, akainusa. Akasema hii ni fresh. Ba Chewe naye anataka hiyo, kwa vile inang'aa. Nimeshinda nayo mpaka macho yakauma. Hapana, Linux haitaki kabisa. Ya kijivu ikakubali mara moja! Lakini kwa waya wa midomo miwili ekra zote zinaonyesha kitu kimoja. Nikahuzunika vraiment, kweli kweli. Mama Olipa akaniuliza, tofauti ya nini? Wakiona tofauti watatuua! Ukweli mtupu. Mi na masomo yangu yote. Tumechukua ya kijivu, Ba Chewe amenuna. Roger ametoa matabisi, nyongeza ya bure: kitambaa cha kufutia.

Ijumaa, 12 Novemba
Mvua. Siogopi. Uongo – naogopa sana.

Jumamosi, 13 Novemba
Naandika nimejifungia mu biro, ofisi ya chama.
Saa nne jenereta ikawaka, laptop ndani mbele yangu, liste ikatoka ku ekra zote mbili za nje. Msafiri mmoja, Ilunga, akasoma kwa sauti upande wa Wakongo, mwingine, Jessy, akasoma upande wa Wazambia. Jina kwa jina, sawasawa! Makofi! Mama Olipa akapiga vigelegele. Nilitaka kulia kwa furaha.
Kisha Ilunga akachungulia dirishani, akaniuliza: Mama Ngalula, mbona ekra ya laptop yako mwenyewe ni giza?
Basi. Ya kijivu inawasha ekra za nje ama ya kwake. Zote pamoja, mu Linux, inakataa. Mi nilikuwa naandika shingo imetoka dirishani kama kuku, nione za nje. Nikaeleza. Nani aamini! Jessy akasema liste ya kweli iko humo ndani, imefichwa. Ba Chewe akaniamuru niwashe yangu, waione. Nikabonyeza. Yangu ikawaka – zao zikazima. Mama yangu! Watu wakapiga kelele: Amefuta majina! Amefuta majina! Nikakimbilia mlango, nikafunga komeo.
Kingsley akashika megafoni, akaita majina kutoka kichwani. Wazambia watano mfululizo. Wakongo wakamnyang'anya.
Sasa wote wako mlangoni, wanataka kuingia kunishitaki. Mlango ni mdogo. Wamepanga mulongo, na wanagombana nani alifika wa kwanza kunishitaki.
Ba Chewe amezunguka mpaka dirishani. Ananong'ona: Ba Ngalula, tafadhali, tuandikie hata liste ya huu mulongo, watauana.
Nimemwuliza: niandike kama nani? Kama karani?
Anakuna kichwa. Nyuma yake Ilunga na Jessy wameshikana mashati.