Kibao cha Bustani ya Bembea

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya gati la kivuko.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mjukuu wangu,

Hujambo wewe, na mumeo? Kitukuu wangu ameshaota meno? Kifua chako je? Vaa sweta, usijitie ujana. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri. Ningekupigia simu, lakini simu unaikata. Barua huwezi kuikata.

Kivuko kimekufa. Daraja limefunguliwa Jumapili, na kivuko kikavusha watu mara ya mwisho saa sita mchana. Wenzangu walilia pale gatini. Mimi nilitafuta chozi sikuliona, nikarudi nyumbani kukunja nguo.

Yale maneno uliyotuma yachongwe kwenye kibao cha lango la bustani ya bembea nimeyasoma mara mbili. Eti "Bustani hii ilianzishwa na babu yangu, peke yake." Peke yake na nani? Niliishia darasa la tatu, lakini uongo naujua hata ukivaa tai.

Sikiliza. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mchomea vyuma. Lile gurudumu kubwa la kupandisha watu aliliunda kwa vyuma chakavu, akalisimamisha ng'ambo, ilipo bustani leo, enzi hizo mawe matupu. Nani angeogelea kwenda kubembea? Mwenye kivuko alikuwa mdogo wake. Ndiye aliyemwambia, "Kaka, wewe zungusha, watu nitakuletea mimi." Mwaka mzima akavusha watu bure. Bila yeye gurudumu lingepandisha nzi.

Wakawekeana sharti: kila jioni kivuko cha mwisho kikitaka kuondoka, honi ilie mara tatu, ndipo gurudumu lisimame, asibaki mtu ng'ambo. Miaka arobaini na moja ikawa hivyo.

Basi Jumapili hiyo hiyo jioni babu yako mdogo alikuwa kwangu anakunywa chai, ile honi ya mkono imo kwenye gunia miguuni pake. Simu ikalia. Ni mzungushaji wa gurudumu, anauliza mbona kimya. Nyuma yake mwanamke anapiga kelele:

"Mzee, tushushe, kichwa kinazunguka!"

"Honi haijalia, mama."

"Kivuko hakipo, wewe!"

"Hilo sijaambiwa."

Shemeji yangu akaitoa honi guniani, akailiza mara tatu mbele ya simu. Gurudumu likasimama. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziume. Hatukucheka. Chai ilikuwa imepoa, tukainywa hivyo hivyo.

Kisha akaniuliza, "Shemeji, kibaoni wameandika nini?" Nikamjibu bado hawajaandika. Na ni kweli. Mchongaji anaanza mwisho wa mwezi, na nimemkataza kugusa patasi mpaka nipate neno lako. Andika upya: ndugu wawili, mmoja wa gurudumu, mmoja wa kivuko. Babu yako hatapungua hata inchi.

Shangazi yako anakusalimu, na mjomba wako mropokaji naye hajambo, bado anaropoka. Mbusu kitukuu wangu. Mungu akulinde huko uliko, akupe na macho ya kuwaona waliosimama nyuma.

Harakisha. Tangu niolewe sijamdanganya shemeji yangu, usinianzishe uzeeni.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokukaripia.