Asali ya Baba na Glasi Mbili za Maji

Mtaa wa Stesheni,
Itigi, Singida.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Kefa,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lenu? Wifi Eliana miguu imeacha kuvimba? Sisi huku wazima. Mama anakula na anagomba, kwa hiyo hana ugonjwa wowote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu karatasi haina admini.

Obadia, mtoto wa baba mdogo, bado anauza asali. Siku hizi anaichanganya na sukari iliyochemshwa, halafu kwenye mifuniko anachora alama ya baba, ileile baba aliyokuwa akiichoma kwenye mizinga yake. Watu wananunua kwa kuliamini jina la marehemu, wanaenda kulamba sukari.

Nilisema kwenye grupu la ukoo. Akafuta. Nikarudia, akanitoa. Nikaandika kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Yeye na wapambe wake wakaniripoti, asubuhi nikakuta umefungwa, eti nimekiuka kanuni za jamii. Jamii ipi? Hao wenye mtandao wanaijua Itigi?

Haya, grupu alifungua yeye. Ni sebule yake, amtoe amtakaye. Lakini mnadani si sebuleni kwake. Jumamosi iliyopita nilipanga meza mkabala na yake, nikaweka glasi mbili za maji. Ya kwanza nikatia asali yangu, ikazama ikatulia chini. Ya pili nikatia yake, niliyomtuma Zabibu, binti wa jirani, akanunue, ikayeyuka yote. Sikutamka neno hata moja, sasa afute nini? Watu wakatazama, wakaanza kurudisha ndoo. Kaka, nilifurahi mno, wala sikuona haya. Nitakaa pale kila mnada mpaka aifute ile alama kwa mkono wake.

Juzi kanirudisha kwenye grupu. Nikatoka mwenyewe.

Sasa tuje kwako, na unisamehe. Admini wa pili ni wewe. Ujumbe wangu uliusoma kabla haujafutwa, nililiona jina lako kwenye orodha ya waliousoma. Kunirudisha kulihitaji kidole kimoja tu. Wewe, kifungua mimba wa baba, ukanyamaza.

Msalimie sana wifi, na Amosi akazane na shule. Mama anakuombea. Mungu akupe afya, akupe na ulimi.

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Raheli

Ile ndoo ya asali ninayokutumia kila msimu, mwaka huu sijaipakia. Njoo uichukue mezani kwangu siku ya mnada, Obadia akitazama.