Miwani ya Fundi Betri

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Mimi mzima, ila kichwa kimejaa. Kazi nimepata: tunajaza dawa ya kusafishia vyoo kwenye chupa. Nimeletwa na wakala, mkataba wa miezi mitatu. Walioajiriwa moja kwa moja wana glavu ndefu na miwani ya plastiki. Sisi tuna vizibao tu. Nilimwomba msimamizi miwani, akasema niwaulize wakala. Wakala wakasema kiwanda ndicho kinachotoa. Siku ya kwanza tulisaini karatasi, watu kumi na mmoja, tumesimama, kwamba tumefundishwa usalama. Labda mafunzo yenyewe yanakuja. Sielewi.

Mwanao

11 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Mguu umekuwa mpangaji asiyetaka kuhama. Sasa nijibu: bosi wako ni nani? Barua nimeisoma mara tatu, sijamwona. Miaka thelathini nimetengeneza betri, na suruali zangu unazijua zilivyotoboka. Dawa ya vyoo na maji ya betri ni ndugu. Nakutumia miwani yangu. Kamba imelegea, piga fundo. Na dawa ikikurukia, maji kwanza, mengi, usingoje ruhusa ya mtu.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo, na ahsante. Miwani nimeivaa nusu saa tu. Msimamizi akasema nivue, haijakaguliwa, vifaa vya nje haviruhusiwi. Nikamuuliza iliyokaguliwa iko wapi. Akasema waulize wakala. Sasa imo kwenye droo ya mlinzi getini, naisalimia nikiingia na nikitoka. Bosi bado namtafuta.

Mwanao

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usishtuke kwa mwandiko huu, naandika kwa jicho moja. Jumatatu mpira wa mashine ulichomoka, dawa ikaniingia jicho la kushoto. Nikakimbilia bomba la kuoshea ndoo. Msimamizi ananiita nirudi, mimi nasikia sauti yako tu: maji. Nesi wa zahanati anasema hilo limenisaidia, lakini nisipomwona daktari wa macho wiki hii, jicho litapotea. Fomu ya kwenda huko ina mstari wa mwajiri, na muhuri wake. Kiwanda kinasema mimi si wao. Wakala wanasema mashine si yao, kisha wananionyesha ile karatasi: umefundishwa, umesaini. Siku mbili naenda na kurudi, mstari bado mtupu. Nimechanganyikiwa, baba, na ninaogopa. Mimi ni wa nani?

Mwanao

10 Aprili

Mama,

Marahaba, na pole sana. Dereva wa basi amenipa barua yako asubuhi, anarudi na hii. Ningepanda naye, viti vimejaa; nakuja na la kesho. Nisubiri getini, nichukue kwanza miwani yangu kwa mlinzi. Kisha moja kwa moja kwa daktari wa macho, atatusikiliza hata bila muhuri wa mwajiri. Hao wengine tutawarudia, nitakaa mlangoni kwao na mguu wangu huu, sina haraka.

Hata mimi sielewi mtu anafanyaje kazi mwezi mzima bila kuwa wa yeyote. Lakini usiuache ule mstari mtupu. Andika jina langu. Muhuri sina, nitaweka dole gumba, lile lililoungua kwa maji ya betri.

Baba yako