Leso Niliyoikata Ikarudi Kitandani

Mpendwa Bibi Mshauri,

Naomba msaada, na kama utacheka, cheka kwanza umalize ndipo usome, maana mimi mzee wa Voi niliyeacha shule darasa la pili, mwalimu akafurahi kuliko mimi, nimejiaibisha nyumbani mwangu na hapa mtaani sina wa kumwambia, kila mtu ni shemeji.

Mke wangu Jedidah anaugua moyo, miguu imevimba, daktari amesema akandwe, apewe dawa kwa saa zake, asiachwe peke yake, nami nikaitikia kwa kichwa kama mbuzi anayetafuna, lakini Bibi, chumba cha mgonjwa kinanishinda, nikimsikia anavyotafuta pumzi natamani kukimbia, basi nikapata njia ya kukimbia kwa heshima: akina mama wa kanisa, ambao yeye ndiye kiongozi wao, hushona mifarishi ya viraka ya kuwapa wagonjwa na wajane, na mimi nimeshona magunia miaka mingi kwenye shamba la mkonge, nikasema nitashika nafasi yake, wakanicheka, halafu walipouona mshono wangu wakaniita Mama Mwenyekiti, na nikapenda, sikufichi, kila alasiri niko kanisani nasifiwa kwa huruma yangu huku Mable, mke wa mwanangu, na mimba yake kubwa, ndiye anayemgeuza mama mkwe kitandani.

Siku moja vitambaa vikatuishia. Nikafungua sanduku la Jedidah nikatoa leso nyekundu iliyochakaa, nikaikata viraka bila kuuliza. Kumbe ndiyo leso aliyowabebea watoto wetu wote, ameitunza ambebee na huyu wa Mable.

Jumapili akina mama wakaja nyumbani wakiimba, wakamfunika Jedidah mfarishi ule ule. Mimi sikujua kuwa wamempangia yeye. Mmoja wao, Zipporah, akaniuliza, "Mzee, hiki chekundu ulikitoa wapi, kizuri hivi?" Nikajibu haraka, "Mabaki tu, kwa Mhindi wa duka la stesheni." Jedidah akapitisha kidole juu ya kiraka, akanitazama, akasema, "Mhindi huyo ana vitu vizuri." Wote wakacheka. Angeweza kuniumbua, akanisitiri.

Tangu siku hiyo hasemi nami, na dawa anaipokea kwa Mable peke yake. Je, nifumue mfarishi niiunge leso upya, au nimnunulie nyingine? Utani umeniishia, Bibi.

Mimi, Fundi wa Magunia

*

Mzee wangu Fundi,

Nimecheka, nimemaliza. Sasa kaa chini.

Usifumue kitu. Leso iliyokatwa haiwi leso tena, na wewe ulishaingiza mkasi mara moja bila ruhusa. Mpya nayo usinunue, utakuwa unamlipa anyamaze, na kunyamaza tayari amenyamaza.

Kuogopa pumzi za mgonjwa si dhambi, nakuhurumia. Lakini umepeleka huruma kwa wajane wa watu ukamwacha mkeo awe kama mjane na wewe uko hai! Na binti wa watu na mimba yake umemfanya yaya. Huoni haya? Naona unaona, ndiyo maana umeandika.

Fanya hivi. Kesho mwambie Mable apumzike. Ukande miguu ile mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo inayosifiwa. Dawa akiikataa, shika kikombe uendelee kukaa. Usitoke, hata kama pumzi zinakutisha. Zinamtisha yeye zaidi.

Halafu waite akina mama nyumbani. Uwongo uliusema mbele yao, basi na ukweli useme mbele yao, Jedidah akisikia: leso ilikuwa yake, uliikata wewe, Mhindi hana kosa. Watakuzomea. Zomewa.

Kuanzia hapo ushonaji uhamie kwako, kando ya kitanda chake. Yeye ndiye mwenyekiti, aamue kila kiraka, na chekundu kile aseme mwenyewe kiende wapi, hata kama ni kwa mtoto wa Mable. Wewe tunga uzi.

Na siku atakapokwambia, "Baba, mshono huo umepinda," usimjibu kwamba haujapinda. Fumua, ushone tena, umshukuru Mungu kimoyomoyo. Amekusemesha.